Chura Ndiye Alisema, Ao Misumari?



Wenzangu wengine watawapa habari za mpira na za maharagi ya internati, na huko maneno haikosekani. Mimi naleta neno la labo. Ni juu ya rapo moja ambayo ilitia ugomvi katika klasi yetu ya tano, na mpaka leo tungali tunabishana juu yake usiku ku dortwari. Niko na upande wangu katika ugomvi huu na sitauficha. Lakini kwanza nieleze namna ilivyopita.

Tulikuwa makundi sita, na vyura walikuwa watatu. Kila kundi paja moja. Kitabu chetu cha biolojia kinasema kwamba seli ya musuli ikipumzika, umeme wa ndani yake uko chini kuliko wa inje kwa milivolti 90 hivi. Basi tuliambiwa: chomeni waya nene wa shaba ndani ya musuli, wekeni msumari wa chuma juu yake kwa inje, unganisheni na voltimetri, someni namba, andikeni rapo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Sisi tulisoma 380. Jirani zetu wa kuume walisoma 410, wale wa dirishani 350 na kitu. Hakuna hata kundi moja lililoona 90. Lakini siku rapo zilirudishwa, makundi matano yalikuwa yameandika 88, 90, 91, 90 na 92! Walipata pointi 8 juu ya 10, wengine 9. Sisi tuliandika 380, na chini yake tuliongeza jambo lingine: kwamba mwenzetu mmoja alitoa shaba na msumari katika chura, akazichoma katika kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, na voltimetri ikasema 390. Kitambaa hakina musuli. Hakina hata seli moja inayoishi. Basi tuliandika: «Hatukupima chura, tulipima misumari.» Tukapewa 3 juu ya 10, na maneno «si jibu» kwa kalamu nyekundu.

Sitaki kumhukumu mtu. Aliyesahihisha alikuwa na rapo nyingi na usiku mfupi. Lakini nasema wazi: kati ya zile sita, rapo yetu ndiyo ilikuwa ya kweli. Na kama tunataka kujua kupima, si kujua namba tu, basi pointi ziende kwa mtu anayetaja kosa la chombo chake, na anyimwe yule anayeandika namba ya kitabu ambayo jicho lake halikuiona. Vyura watatu walikufa juu ya kazi ile. Ni vibaya kuwaua na kisha kuwaandikia uongo.

Mnaendaka ku soko? Basi mnajua kopo ile ya kupimia unga ambayo mwenye kuuza amegonga chini yake kwa nyundo mpaka pameingia ndani. Unaona kopo imejaa hata inamwangika, lakini unga si kopo moja. Mama zetu hawabishani juu ya unga. Wanageuza kopo kwanza na kutazama chini. Elektrodi, maana yake kile kipande cha metali kinachogusa kitu tunachokipima, ni kopo ya namna ile. Inaingia katika hesabu pamoja na unga. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyeigonga. Asili yake iko hivyo.

Metali ikigusa maji ya chumvi haikai bure. Vipande vyake vidogo sana vinaanza kutoka na kuingia katika maji, na vinaacha umeme nyuma yao. Kila metali iko na kipimo chake: chuma ina yake, shaba ina yake, zinki ina yake. Ukitia metali mbili za namna mbalimbali katika kitu chenye maji na chumvi, umekwisha kutengeneza betri, upende usipende. Na mwili wa chura ni nini kama si maji na chumvi? Hata limau, ukiichoma shaba na zinki, inatoa karibu volti 1, na sijasikia bado mtu akisema limau iko na musuli.

Tena kuna jambo ambalo hata kundi letu halikuliwaza siku ile. Waya wetu ulikuwa na unene wa milimita 3. Seli ya musuli ya chura, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mara nyingi chini ya pale. Sasa waya ule uliingiaje «ndani ya seli»? Ulipita kati yao kama gari inayopita katika shamba la mihogo. Hata kama metali zisingesema kitu, tusingeweza kupata 90 kwa njia ile. Kwa hiyo wale waliopata 90 kamili walipata ajabu kubwa, na walipaswa kutueleza namna walivyofanya.

Aibu hii haikuanza na sisi. Mwaka 1786 katika mji wa Bologna, inchi ya Italia, Luigi Galvani alitundika mapaja ya vyura kwa vikulabu vya shaba ya manjano, na kila mara kikulabu kilipogusa chuma za ukingo wa nyumba yake, mapaja yaliruka kama yanaishi. Mwaka 1791 akatoa kitabu kusema kwamba umeme ule unatoka katika mnyama mwenyewe. Alessandro Volta, mwalimu wa fizika huko Pavia, alimsadiki kwanza. Kisha akaanza kuona mashaka: juu ya nini paja linaruka vizuri zaidi metali zikiwa mbili tena mbalimbali? Akageuza neno lote. Akasema umeme ni wa metali, na paja la chura ni chombo tu cha kuuonyesha. Yaani chura ndiye voltimetri!

Galvani akajibu kwamba hata waya wa metali moja unaweza kufanya paja liruke. Volta akasema hapana, ncha mbili za waya mmoja hazifanani kabisa. Moja imesuguliwa zaidi, ao iko na joto zaidi. Niliposoma jibu lile nilidhani ni kichwa kigumu tu. Halafu nikakata waya mmoja wa shaba vipande viwili, kimoja nikakisugua mpaka kikang'aa, kingine nikakiacha na weusi wake, nikavitia vyote katika maji ya chumvi. Voltimetri ilikataa kukaa kwenye sifuri. Ilipanda kupita milivolti 30, ikashuka polepole, ikapanda tena nilipotikisa kikombe. Vipande vya waya mmoja! Na 30 ile ni theluthi moja ya kitu tulichokuwa tunakitafuta katika chura.

Mwaka 1794 Galvani alifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Aliacha metali kabisa. Alichukua neva ya chura na kuigusisha musuli yenyewe, bila chuma, bila shaba, na paja likaruka. Katika vitabu vyetu Volta ndiye anasifiwa kama mshindi, sababu mwaka 1800 alipanga visahani vya feza na vya zinki pamoja na vitambaa vya maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza, na ile volti tunayoitaja kila siku imechukua jina lake. Sawa, asifiwe. Lakini yeye pia alikosa, maana alidhani kugusana kwa metali peke yake kunatosha, kumbe kazi inafanyika pale metali inapokutana na maji. Na juu ya swali lenyewe, kama mnyama ana umeme wake ao hapana, Galvani alisema kweli. Alijua hivyo kwa sababu alitoa kitu kilichoshukiwa na kujaribu tena. Yeye alitoa metali akabaki na chura. Sisi tulitoa chura tukabaki na metali. Ni njia ile ile, na ndiyo tulipewa 3.

Wale waliokulia karibu na mto hawahitaji Galvani. Wanamjua samaki wa umeme, yule asiye na magamba, ukimshika mkono wote unakufa ganzi mpaka begani. Hakuna msumari ndani yake. Mshipo wake unaweza kupita volti 300, na unatoka kwa seli nyingi sana zilizopangwa pamoja, kila moja ikitoa sehemu yake ndogo. Karibu na mwaka 1857 samaki wa jamaa hiyo walipelekwa Ulaya wakiwa hai kutoka Calabar, Nijeria ya leo, kwa mikono ya wamisionari wa Scotland, wakamfikia Emil du Bois-Reymond katika mji wa Berlin. Mtu huyu alipima umeme wa misuli na neva maisha yake yote, na alichukia elektrodi mbaya kuliko kitu chochote. Alikuwa ameona kwamba si metali tu inayoleta umeme wake. Hata umeme ukipita ndani ya elektrodi, juu ya metali vinakusanyika vitu, kama mapovu ya hewa, ambavyo vinasukumana na umeme na kupunguza namba. Unapima dakika ya kwanza, unapata hivi. Unapima dakika ya tano, umepata hivi vingine, na musuli haikubadilika. Basi yeye alitia zinki katika maji ya chumvi ya zinki yenyewe, kusudi kinachotoka katika metali na kinachoingia viwe kitu kimoja, na penye kugusa nyama aliweka udongo laini uliolowa maji ya chumvi ya kawaida, kusudi zinki isiiharibu.

Siku hizi wanatumia waya wa feza uliofunikwa na kloridi ya feza. Si uchawi wa Ulaya. Waya wa feza ukilala katika maji ya Javel unakuwa mweusi-mweusi, na weusi ule ndio kloridi. Unatengeneza nyaya mbili pamoja, unazifunga moja kwa nyingine katika maji ya chumvi usiku mmoja, na asubuhi tofauti yao inabaki milivolti kidogo tu. Lakini hata hizi, ukizikwaruza ao ukiziwekea mwangaza mkali, zinaanza kusema maneno yao.

Sasa nije kwa wale wanaoniambia: «Kitabu kinasema 90, wewe nani?» Mwaka 1939 huko Plymouth, Uingereza, vijana wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walichukua neva ya ngisi wa bahari, ambayo ni nene sana, karibu nusu ya milimita, wakaingiza ndani yake kijiti cha kioo chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kuwa kweli ndani ya seli. Vitabu vya siku zile, kwa kufuata maneno ya Julius Bernstein ya mwaka 1902, vilisema kwamba neva ikipeleka habari, umeme wake unaanguka mpaka sifuri na kusimama pale. Wao waliona unapita sifuri na kwenda ngambo, karibu milivolti 40. Hebu wazieni kama wangekuwa katika klasi yetu. Wangefuta 40, wangeandika sifuri, wangepata 8 juu ya 10, na mwaka 1963 hakuna mtu angewapa zawadi ya Nobel.

Lakini nisidanganye kwa upande mwingine. Mwaka 1942 Howard Curtis na Kenneth Cole wa Marekani, watu hodari sana, walitoa picha ya neva ile ile ambayo umeme wake uliruka kwa jumla kama milivolti 168. Ile ilikuwa kubwa mno. Nyuma yake ilionekana kwamba mashine yao ya kukuza umeme ilikuwa imerekebishwa kupita kiasi, kwa kutaka kuondoa uzito wa elektrodi. Basi hapo kitabu kilikosa, na chombo kilikosa pia. Hakuna njia ya kuchagua kati yao isipokuwa kupima chombo chenyewe. Ndiyo maana Hodgkin na Huxley walipofanya kazi yao kubwa iliyotoka mwaka 1952, waliingiza nyaya mbili za feza ndani ya neva: moja ya kupeleka umeme, nyingine ya kupima tu. Waya unaobeba umeme hauaminiwi kuleta ushuhuda.

Kuna kosa lingine ambalo labo yetu ingekutana nalo hata kama tungepata elektrodi nzuri. Kwa seli ndogo wanatumia kioo kilichovutwa kwa moto mpaka ncha yake haionekani kwa jicho. Ncha ile ni njia nyembamba sana, na kizuizi chake kinaweza kufika megaomu 10. Voltimetri yetu ya namba, ile ya ku soko, ndani yake iko na megaomu 10 vile vile. Fanyeni hesabu ya fizika ya mwaka wa nne: umeme unagawanyika nusu kwa nusu. Seli ingesema 90, sisi tungesoma 45, na tungeapa kwamba chura ni mgonjwa. Tena ndani ya kioo wanatia maji ya kloridi ya potasiumu yenye nguvu, kwa sababu potasiumu na klori zinatembea katika maji karibu mwendo mmoja. Chumvi nyingine, sehemu moja inatangulia na nyingine inabaki nyuma, na pale maji mawili yanapokutana panazaliwa umeme ambao si wa seli wala wa metali. Mimi mwenyewe kabla ya kusoma jambo hili nilidhani maji ni maji.

Mtasema haya ni ya wazungu na mashine zao. Hapana. Wengi wetu hapa wanataka kusoma unesi ao udaktari. Ku hospitali kuna mashine ya kuandika umeme wa moyo. Umeme ule ni wa seli za moyo, na ukifika ku ngozi umebaki kama milivolti 1 tu. Ngozi kavu, jasho, dawa ya kupaka iliyokauka, elektrodi iliyolegea: mstari unapanda na kushuka kama milima, na moyo hauna kitu. Muuguzi akibadilisha waya wa mkono wa kuume na wa kushoto, mstari wa kwanza unageuka kichwa chini, na mganga asiyekuwa na mashaka anaweza kuona ugonjwa usiokuwako. Hata umeme wa nyumba unaingia, mara 50 kwa sekunde, kama meno ya msumeno juu ya karatasi. (Ukikatika na mashine ikabaki kwa betri yake, mstari unakuwa safi. Ni faida moja ya giza letu.) Mwanafunzi aliyezoea kufuta namba na kuandika ya kitabu, siku ile atafuta nini?

Wenzangu wamenipa majibu mawili, nami nayaheshimu. La kwanza: ku Egzetati hawaulizi kosa la elektrodi, wanauliza namba, na unachagua jibu moja katika yale waliyoandika. Ni kweli. Basi siku ile chagueni namba ya kitabu, mimi pia nitafanya hivyo. Lakini rapo ya labo si Egzetati. Juu yake tunaandika «tuliona», na «tuliona» ni neno la shahidi.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na lilitoka kwa mwalimu mmoja tuliyemwendea kwa heshima. Alisema: tukianza kutoa pointi kwa makosa ya chombo, wavivu wote wataandika «elektrodi ilikosa» na kwenda kulala. Nilikaa na neno hili siku nyingi. Naona kwamba pointi zisitolewe kwa kusema chombo kilikosa; zitolewe kwa kuleta kipimo cha kosa. Mvivu hataweza kuandika 390 bila kulowesha kitambaa. Tena tuongeze jaribio la tatu ambalo hata sisi hatukulifanya: kubadilisha nafasi, shaba iende pale msumari ulipokuwa na msumari pale shaba ilipokuwa. Kama ishara inafuata metali, ni betri. Kama inafuata chura, hapo tunaweza kuanza kuzungumza juu ya chura.

Na rapo yetu nayo ilikuwa na kilema. Mmoja wetu alitaka tutoe 380 katika 390 na kuandika kwamba ile 10 inayobaki ni ya chura. Tulikataa, lakini hatukueleza sababu. Sababu ni kwamba misumari ile ile, katika kitambaa kile kile, ilikuwa inatembea 20 juu na 20 chini tukiangalia tu. Ilipaswa kuandikwa. Kwa kukosa hiyo, mtukate pointi 2.

Siku ya posho nyuma ya salongo nitakuwa ku labo. Mwenye ufunguo amekubali. Niko na chumvi, kitambaa na voltimetri. Wale wa makundi matano, leteni shaba na misumari yenu ya siku ile, bila kuisugua. Chura hatutaua.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Biolojia na Kemia